Ulimlisha, ama ulimshuti?

Acha nianze na yangu, ndio msiseme nimejiweka hakimu.

Desemba mwaka jana tulitoka kanisani vijana kama kumi na watano. Tisheti nyekundu za kufanana, mikate kwa mifuko, soda kwa kreti. Tukashuka town, pande za Globe. Mimi ndio nilikuwa na simu yenye kamera poa, kwa hivyo nikapewa kazi ya kushuti. Kulikuwa na kijana mmoja hapo, sidhani alikuwa amefikisha miaka kumi na miwili. Akapewa mkate na soda. Akashika mkate mkono huu, soda mkono huu, akaniangalia, akatulia tu. Nikadhani anaona haya. Kumbe alikuwa ananingoja mimi. Akaniuliza, "Brathe, nianze kukula ama bado?"

Manze. Mtoto ana njaa, chakula kiko mkononi, na ameshajifunza kwamba mkate wa Krismasi huja na dairekta. Nani alimfunza? Sisi. Sisi na wale waliotangulia wiki hiyo, na wale wa mwaka uliopita. Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia angoje kidogo, atabasamu kwanza.

Video ilifanya vizuri sana. Nimeifuta, lakini hiyo haimsaidii yeye na kitu.

Sasa tuongee. Mimi ni Mkristo, naongea na Wakristo wenzangu, na najua wengine wenu tayari mmeshapanga siku, mmechagua na rangi ya tisheti. Hebu rudi kwa Luka sura ya pili. Stori yenyewe inaanza na sensa. Kaisari anataka watu wahesabiwe, Yusufu anasafiri na mwanamke mjamzito, wanafika Bethlehemu, hakuna nafasi, mtoto analazwa mahali ng'ombe hulia. Si stori ya matajiri wenye huruma wakitembelea maskini. Maskini ndio wako katikati ya stori, na wenye nyumba ndio walikosa nafasi. Ukiingia kwa hiyo stori na kamera yako, uko upande gani?

Na sisi pia tulihesabu. Mwaka wa 2018 serikali ilifanya sensa ya familia za mtaani, ikapata watu 46,639 nchi nzima, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Mwaka uliofuata, kwa sensa kuu ya Agosti, makarani wakatoka tena usiku kuwahesabu wanaolala nje. Kuhesabu tunajua. Nafasi ndio haipatikani.

Kuna kitu watu hawafikirii kuhusu Nairobi ya Desemba. Kuanzia tarehe 20 hivi kila mtu anaenda ushago. Nauli ya mathree inapanda mara mbili, mitaa inabaki kimya. Mnapenda kupiga picha za barabara bila jam, mnasema town imekuwa tamu. Sasa jiulize, yule anayeishi kwa mabaki ya kibanda, anayebebea mama mboga mzigo kule Muthurwa apewe ishirini bob, anayeomba kwa mataa, anakula nini town ikiwa tupu? Kibanda kimefungwa. Ofisi zimefungwa. Magari hakuna. Tarehe 24 alipewa mikate mitano na vikundi vitano, kila kimoja na kamera yake. Tarehe 27 hakuna mtu. Tarehe 29 hakuna mtu. Huruma yetu sisi wote huja wiki moja, saa moja, mahali pamoja, halafu inapanda basi kwenda ushago.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote, mengine niliyasema mwenyewe.

Ati wataenda kununua gundi. Sawa, wengine watanunua. Gundi inaua njaa na baridi kwa masaa machache, na kama ungekuwa umelala kwa veranda ya duka Kirinyaga Road na gunia moja, sijui ungekataa mara ngapi. Halafu, mtoto hatengenezi gundi. Kuna mtu mzima, mwenye kitanda chake nyumbani, anayempimia kwa kachupa. Huyo hatujawahi kumuombea wala kumuulizia. Tunamlaumu mtoto.

Ati ni wezi. Mimi mwenyewe nimewahi kunyang'anywa simu kwa dirisha la mathree, kwa hivyo usidhani naongea kutoka mawinguni. Lakini sikuona sura ya aliyeninyang'anya, siwezi kukuambia analala wapi. Wewe unajuaje?

Ati Mungu humsaidia anayejisaidia. Nionyeshe hiyo iko kitabu gani. Tafuta, nakungoja. Haimo kwa Biblia, wasee, hata ukisoma mpaka ramani za mwisho. Iliyomo ni Mathayo 25, pale Yesu anaorodhesha mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, mfungwa, na anasema huyo ni yeye mwenyewe. Hakuweka masharti ya kunusa mdomo kwanza.

Ati hiyo ni kazi ya serikali. Hapa nakubaliana na wewe, lakini si vile unataka. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya chakula, makao na matibabu. Haijasema kila mtoto isipokuwa chokoraa. Na mwaka wa 2003 serikali iliwahi kujaribu: ikaanzisha hazina ya kuwarekebisha watu wa mtaani, wengine wakaingizwa NYS, wakasoma kazi. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba haiwezekani. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeisumbua serikali kuhusu hili. Kanjo wakiwafukuza usiku na kuwapakia kwa lori, ni mchungaji gani umemsikia akipiga kelele Jumapili? Kuhusu ushuru tunapiga kelele, na ni sawa. Kuhusu hawa, kimya.

Lakini kinachoniuma zaidi ni geti. Kanisa letu lina askari wa geti, na yako pia labda linaye. Jumapili kijana wa mtaani akikaribia, askari anafanya ile kazi aliajiriwa kufanya. Ndani tunaimba kuhusu mtoto aliyekosa pa kulala. Nje mtoto anaambiwa asogee mbele. Hakuna anayeona kichekesho hapo. Askari si mbaya, ametumwa. Waliomtuma ni sisi tunaoogopa kwa sababu ya magari yetu, na wengine wetu hata gari hatuna.

Na usinambie kanisa haliwezi kufunguliwa usiku. Tarehe 31 tunafanya nini? Kesha. Milango wazi mpaka asubuhi, taa, jenereta, chai kwa madumu makubwa, watoto wetu wamelala kwa viti wamefunikwa leso. Tunajua kabisa vile watu mia mbili wanaweza kukaa usiku mzima kwa jengo moja bila dunia kuanguka. Tunafanya kwa ajili ya mwaka mpya, na mwaka mpya ungefika tu hata tukilala.

Choo je? Bomba la maji? Hivyo viko tayari, vinafungwa kwa kufuli kutoka Jumatatu hadi Jumamosi. Ukiongea na watu wa mtaani kidogo, bila kushuti, utashangaa vile wanataja mahali pa kuoga kabla ya pesa.

Nimewapelekea viongozi wetu wa vijana mambo matatu, na hapa nayasema ili wasinigeuke. Pesa ya tisheti inunue unga na maharagwe. Siku ihamishwe kutoka 24 iende 27 mpaka 30, tupike kila jioni, na walio ushago wachange. Simu zibaki kwa begi. Wawili wamekubali. Mmoja ameniuliza, bila utani, sasa watu watajuaje kwamba tulienda?

Sikuwa na jibu la haraka. Nilifikiria yule kijana na mkate wake mkono mmoja, soda mkono mwingine, anangoja ruhusa yangu.

Tarehe 27 niko Globe, saa kumi na moja jioni. Nimemtafuta mara mbili tangu Novemba sijampata, na wenzake wananiambia siku hizi huonekana pande za Ngara. Ukija, kuja na sufuria.