Ridi Namba Tatu na Nusu Si Cheo

Wasee, leo sizungushi maneno. Wale wa bendi, hii ni yenu. Na wewe ambaye hujawahi kushika klarineti, soma tu, huenda ukamkumbuka mtoto wa jirani aliyeacha muziki ghafla na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kauli yangu ni moja. Huku kwetu, kuanzia Mraru mpaka Voi mjini, vijana wanaambiwa hawana kipaji wakati shida ni ridi isiyooana na mdomo wa klarineti yao. Na wanaosambaza huo uongo ni wakongwe wa bendi waliogeuza namba ya ridi kuwa cheo. Anayepiga namba mbili ni mtoto, anayepiga tatu na nusu ni mwanaume. Ujinga mtupu.

Tuelewane kwanza. Ridi ni kale kabao kembamba kanakofungwa kwenye mdomo wa klarineti. Hukatwa kutoka kwa matete ya aina fulani, na mengi yanayosifika hulimwa Var, kusini mwa Ufaransa. Ukipuliza, ncha ya ridi inatetemeka karibu na ncha ya mdomo, na hapo ndipo sauti inazaliwa. Nikisema mdomo hapa, namaanisha ule wa klarineti. Wa kwako nitauita kinywa, tusichanganyikiwe.

Sasa ile namba. Kwa kawaida ziko kati ya 1 na 5, zikipanda kwa nusu nusu. Haipimi ubora, haipimi umri wako kwenye bendi, na wala haipimi unene. Ridi mbili za aina moja zinaweza kukatwa kwa unene uleule, moja ikawa 2 na nyingine 3, kwa sababu matete yenyewe hayakuwa na ugumu sawa. Namba inapima ugumu, basi. Na hata huo ugumu kila kampuni ina mizani yake: Vandoren ya kisanduku cha bluu namba 2½ inakaribia Rico namba 3. Kwa hivyo yule msee anayejigamba amepanda daraja, pengine amebadilisha duka tu.

Na namba peke yake haina maana bila kuuliza: iko kwenye mdomo gani? Kila mdomo una uwazi wake pale nchani, ule mwanya kati ya ridi na mdomo. Yamaha 4C, ambao wanafunzi wengi huanza nao, una uwazi wa milimita 1.05. Vandoren B45 una milimita 1.195. Tofauti ni kama unene wa karatasi moja na nusu ya kuchapia. Unacheka? Hiyo karatasi moja na nusu ndiyo inayoamua kama utapiga wimbo au utatoa jasho bure. Mwanya mkubwa unataka ridi laini zaidi, kwa sababu ridi ina safari ndefu ya kupinda. Mwanya mdogo unaweza kubeba ridi ngumu. Urefu wa ule mteremko unaoanzia kwenye ridi hadi nchani nao unachangia. Sasa ukisikia kuna mpigaji mkubwa huko Ulaya anatumia ridi ngumu ajabu, uliza kwanza mdomo wake umefunguka kiasi gani, halafu ndiyo uanze kutubeza.

Nikupe mfano. Kuna binti wa hapa kwetu, bendi yake siitaji, aliambiwa mapafu yake ni madogo. Wakamwambia ahamie ngoma, "muziki wa kupuliza si wa kila mtu." Nilipoishika klarineti yake nikakuta mdomo wenye mwanya mpana umefungwa ridi ya 3½. Manze, hata mimi nilipumua kama mtu anayepanda Mbololo na debe la maji kichwani. Tukaweka 2. Siku hiyohiyo akapiga noti za chini kwa sauti nene, safi, bila kukunja uso. Mapafu yalikuwa yaleyale. Sasa niambie, nani alikuwa hana kipaji pale? Yeye, au aliyemfungia ile ridi?

Na hili si jambo dogo. Bendi za jeshi, polisi, magereza na NYS zinahitaji watu wanaopuliza. Kwa kijana wa Taita Taveta asiye na mjomba ofisini, klarineti inaweza kuwa kazi. Ukimwondoa kwenye bendi akiwa na miaka kumi na mitano kwa sababu ya kabao, hujamnyima burudani tu. Umemfungia mlango.

Najua watakavyojibu. "Hatuna pesa." Sawa, pesa ni ngumu, hilo silibishi. Lakini ridi namba 2 na namba 3½ za aina moja kwa kawaida zinauzwa bei moja! Kuchagua inayooana hakuongezi hata bob. Tena ridi isiyooana ndiyo ghali, kwa sababu mtu anainunua, inamshinda, anaitupa, ananunua nyingine ileile.

Watasema pia, "Klarineti za msaada huja vile zilivyo, tushukuru." Tushukuru, ndiyo, lakini macho yawe wazi. Sanduku linafika na klarineti ya kampuni hii, mdomo wa kampuni ile, na kibanio cha sijui wapi. Mdomo ukiwa na pengo nchani, hakuna ridi duniani itakayouokoa. Mgeni akikuletea kiatu cha mguu mmoja, unamshukuru, halafu unatafuta mwenzake.

Na ukitaka kujua hili si jambo la Wazungu, angalia zumari ya Pwani. Mpiga zumari hapimwi kwa namba. Ulimi wa zumari unatengenezwa kwa jani la mti wa jamii ya mnazi, unajaribiwa, unarekebishwa, mpaka ukubaliane na zumari yenyewe na kinywa cha anayepuliza. Wazee walijua zamani kwamba ulimi na ala ni mke na mume. Sisi tumepata visanduku vyenye namba, tukasahau.

Basi fanya hivi. Kama ndiyo unaanza, na mdomo ni wa kawaida wa mwanafunzi, anza na 2 au 2½. Ilowanishe kwanza. Ipange ncha ya ridi ilingane na ncha ya mdomo, isipite, isibaki nyuma sana. Kibanio kibane kiasi, usikaze kama nati za trekta. Ukiwa umeshika mdomo peke yake na ridi yake, ziba tundu la chini kwa kiganja, nyonya hewa, halafu utoe kinywani. Ikishikilia kidogo kisha ikaachia kwa mlio mdogo, ridi na mdomo vimekaa vizuri. Isiposhika kabisa, kuna hewa inavuja: ridi imepinda, umeipanga vibaya, au mdomo una hitilafu.

Kisha sikiliza. Ukisikia hewa nyingi kuliko sauti, na unauma kwa meno ili noti itoke, ridi ni ngumu mno kwa mdomo huo. Ikiwa sauti inazizima kama nyuki, inashuka chini ya tuni, na noti za juu zinakatika, ridi ni laini mno. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua nini kimekusaidia. Na kumbuka ridi ni mmea: iliyopiga poa kwenye unyevu wa Mombasa inaweza kujikunja ikikutana na ukavu wa Voi. Kuwa na tatu au nne, uzipokezane, na uzihifadhi zikiwa zimelala bapa. Tafadhali, msibadilishane ridi zilizotumika. Upendo hauhitaji mate.

Kuhusu pesa, Mraru tuna somo ambalo wengine wanasafiri mbali kulitafuta. Miaka ya 1970 akina mama wa hapa walichoka kuachwa barabarani na mabasi yaliyopita yakiwa yamejaa, wakitaka kufika Voi sokoni. Walichanga kidogo kidogo mpaka wakanunua basi lao. Basi zima, wasee! Sasa sisi wajukuu wao tushindwe na kisanduku cha ridi kumi? Wapigaji watano wakichanga, wananunua kisanduku cha 2 na kingine cha 2½, kila mtu anachukua zake zikiwa mpya, anajaribu, anajua inayomfaa. Mkizoea kuchanga, mtafika mpaka kununua mdomo mzuri.

Kwa wakongwe wa bendi: siku nyingine kijana akitoa mlio mbaya, kabla hujamwambia hana mapafu, ushike mdomo wake uangalie namba iliyofungwa pale. Itakuchukua sekunde kumi. Kama huwezi kutoa sekunde kumi kwa mtoto wa watu, basi anayepaswa kuhamia ngoma ni wewe.