Timu ya Utafiti Inapobisha Hodi Kanisani

Sisi wachungaji wa Likasi tumezoea kubishiwa hodi na timu za utafiti. Walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, mara nyingine pamoja na wageni kutoka Ulaya, wanataka kupima vumbi, maji, damu au mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya shaba na kobalti. Wanatuomba tutangaze baada ya ibada. Tunatangaza, na watu wanawafungulia milango kwa sababu sisi tumesema. Basi tuna wajibu wa kuuliza: ndani ya timu hiyo, nani anahesabiwa?

Kazi yenyewe ni ya lazima. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa madaktari wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji. Ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo baba alifanya kazi za madini. Majina ya Wakongo yamo kati ya waandishi wake. Lakini si kila mahali inakuwa hivyo. Mwaka huohuo kilitoka kitabu La série Bukavu, ambamo watafiti wa Kongo na wa Ulaya walieleza maisha ya wasaidizi wa utafiti huko mashariki. Hao ndio wanaoingia vijijini penye silaha, wanaotafsiri, wanaojua nani aulizwe na nani aogopwe. Matokeo yakichapishwa, mara nyingi majina yao hayaonekani.

Kwetu kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1992 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao hapa Likasi. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa. Baba na babu zao waliletwa kufanya kazi za migodi na reli. Maelfu walilala kwenye kituo cha treni wakingoja safari, na wengine walifia palepale. Tangu hapo, jina la mtu kwetu linaweza kusomwa kabla ya cheti chake. Kiongozi wa timu akiita watu wa kabila lake tu, anayeachwa anaumia, na utafiti wenyewe unaumia pia, kwa sababu nyumba ambayo muulizaji anaogopa kuingia haitaonekana katika hesabu.

Ndivyo ilivyo kwa wanawake pia. Wako mtoni wakiosha mawe yenye madini, wengine na watoto mgongoni. Kijana wa kiume akiwajia na karatasi ya Kifaransa kuwauliza habari za mimba zilizoharibika, watamjibu, "Hakuna neno, baba." Naye ataandika kwamba hakuna neno.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja. Waliliomba kanisa lichague watu saba, na majina yote saba ni ya Kigiriki. Upande uliosahauliwa ulipewa chakula, na zaidi ya chakula, ulipewa kazi ya kukigawa.

Hapo tusiwanyoshee kidole watu wa chuo peke yao. Tunapoombwa vijana wa kusaidia utafiti, sisi wenyewe tunatoa majina ya nani? Mara nyingi ni watoto wa wazee wa kanisa, na wale ambao jina lao halitatuletea maneno.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba, kabla ya kutangaza, tuiulize timu mambo manne. Wasaidizi wamechaguliwa namna gani? Kuna wanawake wenye sauti katika kupanga maswali, ama ni wa kujaza karatasi tu? Majina ya wote waliofanya kazi yataandikwa? Matokeo yatarudi lini, kwa Kiswahili, mbele ya watu hawa waliotoa damu yao?

Timu yenye nia njema haitakasirika. Na tukijibiwa vizuri, tutatangaza kwa moyo mweupe, tukianza kwa kutoa majina ya vijana ambao hatujawahi kuwataja.