Karatasi Yasema "Mama Furaha"



Juma lililopita, tulipomaliza kugawa likelemba, mama mmoja alibaki nyuma. Alifungua fundo la kitenge akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne: karatasi ya kiwanja walichonunua yeye na bwana wake mwaka 2009. Bwana amefariki, na sasa shemeji anasema kiwanja ni cha ukoo. Tukaisoma pamoja. Jina la muuzaji lipo, mashahidi wapo, kashe ya chefu ipo. Mahali pa wanunuzi pana jina la marehemu, kisha maneno matatu: "na Mama Furaha".

Bibi wa shemeji naye ana mtoto anayeitwa Furaha.

Siku ile hakuna aliyetaka kumwibia. Aliyeandika alikuwa kijana wa jirani mwenye mwandiko mzuri, akaandika jina tunalomwita kila siku. Tunapenda kuitwa kwa jina la mtoto, ni heshima. Lakini kwenye karatasi ya ardhi heshima hiyo haitoshi. Akina Mama Furaha, Mama Amani na Mama Neema ni wangapi kati ya Mboko na Baraka?

Tulipouliza wengine, kila mmoja alikuwa na lake. Majina ya Kibembe yana ile alama ndogo ya juu, kama M'munga. Mwandishi mmoja anaiweka, mwingine anaandika Mmunga, wa tatu anaandika Munga. Wakubwa wetu walioandikishwa tangu 1972, wakati wa Zaire, waliacha majina ya ubatizo kwa amri ya serikali. Leo karte ya uchaguzi inasema Maria, na karatasi ya zamani ya shamba haimjui Maria yeyote. Na sisi tuliokaa Nyarugusu, Tanzania, tukarudi kwa meli kutoka Kigoma kuanzia 2005, tulirudi na karatasi ambazo L imekuwa R na R imekuwa L. Kule ilikuwa ni kupata chakula tu, hatukujali.

Kosa la namna hii ni dogo, na linasahihishika. Lakini msilisahihishe wenyewe. Mama mwingine alichukua biki ya mtoto wa shule akaongeza herufi iliyokosekana. Herufi ilikuwa ya kweli kabisa, ila wino ulikuwa wa rangi nyingine, na mbele ya wazee karatasi yake nzima ikaonekana ya uongo. Kugeuza maandishi ya karatasi ya watu kunaweza hata kuitwa kosa la jinai.

Njia nzuri ni ndefu kidogo. Tafuteni muuzaji, au watoto wake kama amefariki, pamoja na mashahidi waliobaki. Nendeni pamoja kwa kiongozi aliyepiga kashe, au aliyemfuata. Iandikwe karatasi ya pili inayosema: katika karatasi ya tarehe fulani, palipoandikwa hivi, pasomwe hivi. Wote watie sahihi au kidole, na tarehe ya siku hiyo iandikwe, si ya zamani. Karatasi ya kwanza msiitupe, zikae pamoja. Na kama kiongozi ana kitabu chake, ombeni kosa lisahihishwe mle pia, mbele ya macho yenu. Mkisahihisha yenu tu, siku ya ugomvi kitabu kitasema lingine. Kuhusu pesa, ulizeni bei kabla ya kuanza na mdai risiti.

Wachache wenye hati kamili ya serikali, ile certificat d'enregistrement, hawawezi kupita njia hiyo. Hati hiyo huandikwa mara mbili: moja inabaki katika kitabu cha konservateri wa ardhi, moja unapewa wewe. Yeye ndiye wa kuigusa.

Tena tusidanganyane kuhusu neno "dogo". Kama karatasi inasema metre 20 kwa 15 na wewe unalima 20 kwa 25, hilo si kosa la mwandishi mpaka majirani wa pande zote wakubali. Hapo lazima watu watembee mpakani, waone mti na jiwe, kabla ya mtu yeyote kushika biki.

Dada zetu wa Burundi mnaokodi mashamba tangu kambi ilipofunguliwa 2015, someni mwaka na mwezi. Tumeona mkataba wa msimu mmoja ulioandikwa mwaka uliokwisha kupita. Mwenye shamba akitaka kukutoa mihogo ikiwa bado ardhini, utamwonyesha nini?

Kuna anayeuliza kama mke anaweza kuandikwa kwa jina lake mwenyewe. Ndiyo. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana kwa mambo kama hayo, lakini sheria ya Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Kanuni hiyohiyo inawapa watoto wa marehemu, wasichana sawa na wavulana, robo tatu ya urithi. Shemeji ameambiwa hivyo. Alijibu kwamba yeye anafuata karatasi.

Basi Jumatatu tulimsindikiza mama yetu mpaka kwa muuzaji. Ni mzee sana, macho hayaoni vizuri, lakini alimtambua kwa sauti na akakumbuka kwamba sehemu ya mwisho ya bei ililipwa kwa mawese. Amekubali kutia kidole. Mashahidi wawili bado wako hai, mmoja yuko safarini, tunamngoja arudi.

Alhamisi ijayo njooni na karatasi zenu. Wasiojua kusoma watasomewa pembeni, mmoja mmoja, si mbele ya watu.