Deni, si waya, ndilo lililoiangusha Charter

KAMPUNI ya televisheni ya kebo na intaneti ya Charter, ya Marekani, ilipokwenda mahakamani Machi 2009 kuomba kinga dhidi ya wadai wake, ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 5 wanaolipa kila mwezi. Fedha zilikuwa zikiingia. Kilichoizidi nguvu ni deni la zaidi ya dola bilioni 21, ambalo sehemu kubwa ilitokana na kununua kampuni nyingine.

Charter ilianzishwa mwaka 1993 mjini St. Louis. Mwaka 1998 ilinunuliwa na tajiri Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, na mwaka uliofuata ikanunua kampuni za kebo moja baada ya nyingine, zikiwamo Falcon na Avalon. Novemba 1999 iliuza hisa kwa umma kwa dola 19 kila moja.

Kununua kulikuwa na mantiki yake. Kutandaza waya katika mtaa ambao tayari una kampuni ya kebo ni hasara kwa wote wawili. Pia kampuni yenye wateja wengi hupata nafuu inaponunua vipindi kutoka kwa wenye chaneli, kama ushirika unaoagiza mbolea kwa shehena badala ya mfuko mmoja mmoja.

Tatizo ni bei. Kampuni za kebo huuzwa kwa kuhesabu wateja, karibu kama mnadani ng'ombe wanavyohesabiwa vichwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kila tajiri alikuwa akiwania kundi lile lile. Bei ikapanda, na tofauti ikafidiwa kwa mkopo.

Hesabu za 2008 zinaonyesha matokeo yake. Mapato yalikuwa karibu dola bilioni 6.5. Baada ya gharama za uendeshaji zilibaki kama bilioni 2.3, lakini riba peke yake ilikuwa bilioni 1.9, na mitambo na waya vilihitaji bilioni 1.2 nyingine. Pengo hilo lilizibwa kwa kukopa tena.

Kampuni ilitoka mahakamani Novemba 2009 ikiwa imepunguziwa deni la takriban dola bilioni 8. Sehemu ya wenye hati fungani walipewa umiliki. Waliokuwa na hisa za kawaida hawakuambulia kitu. Waya zilibaki zile zile na wateja wale wale.

Mei 2016 Charter ilirudi sokoni kwa kishindo, ikanunua Time Warner Cable, iliyokuwa kubwa kuliko yenyewe, pamoja na Bright House. Jimbo la New York liliidhinisha ununuzi huo kwa sharti kwamba intaneti ya kasi ifikishwe kwenye nyumba na biashara 145,000 katika maeneo yenye makazi ya mbalimbali ndani ya miaka minne. Hayo ni maeneo ambayo kampuni haiendi kwa hiari, kwani waya wa kilomita nzima unaweza kuhudumia nyumba chache tu.

Julai 2018 mamlaka ya jimbo ilifuta idhini hiyo, ikidai kampuni imehesabu hata anwani za jijini. Charter ilikana. Mwaka 2019 pande hizo zilielewana, na muda ukasogezwa hadi Septemba 2021. Bila sharti lililoandikwa kwa idadi na tarehe, jimbo lisingekuwa na cha kudai.

Mei 2025 ilitangazwa kuwa Charter imekubaliana kuinunua Cox kwa dola bilioni 34.5, zikiwamo na deni. Mwisho wa 2024 deni la Charter lenyewe lilikuwa zaidi ya bilioni 90. Riba ya mwaka huo ilimeza chini ya senti 10 katika kila dola ya mapato, wakati mwaka 2008 ilimeza senti 29. Hapo kuna unafuu. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 2024 wateja wake wa intaneti walipungua, huku kampuni za simu zikiuza intaneti ya nyumbani isiyohitaji waya.