Tuliambiwa Tuache Kiswahili

Mwezi uliopita nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Muscat. Mwanawe ana miaka minne, ana sindromu ya Down, na mwalimu wa chekechea amewashauri watumie Kiingereza peke yake nyumbani, eti Kiswahili na Kiarabu vinamchelewesha kusema. "Mama mkwe hajui Kiingereza hata neno," ameandika. "Sasa mtoto atazungumza na nani humu ndani?" Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, nikamwahidi kwamba jibu refu litakuja hapa. Sisi tuliambiwa maneno hayo hayo, tukayafuata, na tukajuta.

Wanaoifuata safu hii wanamjua Kijana wetu. Kwa mliojiunga karibuni: tunaishi Leicester, mimi, mume wangu, binti yetu ambaye humu namwita Dada, na Kijana, tuliyemuasili miaka minne iliyopita. Alikuja Oktoba, akiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Jina lake halisi nalihifadhi. Kijana ni jina alilopewa na bibi yake aliyeko Tanga, siku ya kwanza alipomwona kwenye simu.

Alikuja na begi moja la nguo na faili nene kuliko begi. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na sindromu ya Down huwa na kasoro ya moyo, naye alikuwa mmoja wao. Alishapasuliwa akiwa mchanga. Masikio yake yalikuwa yakijaa ute mara kwa mara, jambo la kawaida kwa watoto wa hali hii, kwa hiyo kuna siku alisikia vizuri na siku alisikia kama mtu aliye ndani ya maji. Misuli yake ilikuwa laini, ulimi wake mzito. Hakuwa na neno hata moja.

Katika kikao cha mwisho kabla hatujakabidhiwa, mmoja wa waliokuwapo mezani alituuliza nyumbani tunaongea lugha gani. Tulipojibu Kiswahili akatikisa kichwa. Mtoto huyu, akasema, ana kazi kubwa ya kujifunza lugha moja tu, msimchanganye. Akaongeza kwamba isitoshe Kiswahili si lugha ya asili yake. Hilo lilikuwa kweli. Mama aliyemzaa ni Mwingereza, na baba yake ana asili ya Afrika Magharibi.

Hatukubisha. Mtu anayeasili hapa Uingereza ataelewa kwa nini. Mtoto aliyetoka kwenye uangalizi wa halmashauri hawi wako kisheria siku anapoingia mlangoni. Lazima aishi nanyi angalau wiki 10 ndipo muombe amri ya mahakama, na kwetu ilichukua miezi saba mpaka jaji akatoa amri. Muda wote huo ofisa wa ustawi wa jamii anakuja, anakaa kwenye kochi, anauliza, anaandika. Hata akinywa chai niliona kama anaipima. Nilikuwa nimeshampenda mtoto, na niliogopa kwamba kosa moja dogo lingemtoa mikononi mwangu. Kama wangesema tutembee kwa magoti ningetembea.

Basi tukaacha Kiswahili.

Kiingereza changu ni cha kazini. Nimekipata kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Najua kumwomba mzee ainue mkono nimvalishe shati, najua kuandika ripoti ya zamu. Lakini mtoto akiamka saa nane za usiku analia, Kiingereza changu kilikuwa na maneno mawili matatu ya kubembeleza, nikayarudia mpaka yakakosa maana. Sikuwa na "pole, mwanangu." Sikuwa na nyimbo za kulaza mtoto. Mchana nilijisikia nikitoa amri tu: kaa, kula, njoo, hapana. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hawezi kula bila kusimulia kisa cha mtu fulani wa Makorora, alianza kula kimya. Alisema anachoka kutafuta maneno.

Wa kwanza kulisema jambo lenyewe alikuwa Dada, aliyekuwa na miaka tisa. Nilikuwa namchana nywele. "Mama," akasema, "tangu Kijana aje, unaongea kama mwalimu." Nikamwuliza mwalimu gani. Akajibu, "Yule asiyetupenda."

Wa pili alikuwa Bibi. Zamani tulikuwa tukimpigia kila jioni ya Jumapili, simu inasimamishwa mezani kwenye bakuli la matunda, kila mtu anapita kusalimia. Sasa nilikuwa nampigia nikiwa kwenye ngazi, mlango nimeufunga, mtoto asisikie Kiswahili. Wiki zikapita. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona siku hizi simwoni mtoto? Mnamficha?"

Msomaji wa kwetu anajua uzito wa swali hilo. Sote tumekulia mitaa ambayo kulikuwa na nyumba yenye mtoto wa chumba cha nyuma, ambaye wageni wakija hatolewi. Bibi mwenyewe ndiye aliyenikataza utotoni kutamka neno "zezeta." Na leo ananiuliza mimi kama namficha mjukuu wake. Nikamweleza habari za kikao, za lugha moja, za wataalamu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe anayefichwa ni mimi."

Nililia siku ile, lakini sikubadilisha kitu. Woga ulikuwa bado.

Kilichotutoa ni bahati, na ulimi wa Dada. Mwishoni mwa Mei, amri ya mahakama ikiwa imeshatoka, tulikuwa na miadi kwa mtaalamu mpya wa matamshi na lugha. Shule zilikuwa zimefungwa kwa wiki moja, kwa hiyo Dada tulikuwa naye. Mtaalamu akauliza lugha ya nyumbani ni ipi. Nikajibu, Kiingereza. Dada akanitazama, akamgeukia yule mama na kumwambia kwamba si kweli: lugha yetu ni Kiswahili, ila tumekatazwa.

Yule mama akaweka kalamu chini. Akaniuliza nani alitukataza. Kisha akanieleza, polepole, jambo ambalo ningetamani kulisikia miezi minane kabla: kwamba lugha mbili hazisababishi kuchelewa kusema, wala hazimzidishii tatizo mtoto ambaye tayari analo. Kwamba ushauri wa chama cha wataalamu wa fani yake hapa Uingereza ni wazazi waongee na mtoto kwa lugha wanayoijua vizuri zaidi. Baadaye nilitafuta mwenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Kanada walichapisha utafiti juu ya watoto wenye sindromu ya Down wanaokua na Kiingereza pamoja na lugha nyingine. Walikuwa watoto wachache, lakini kwa Kiingereza hawakuonekana kuwa nyuma ya wenzao wa hali hiyo hiyo wenye lugha moja. Na lugha ya pili walikuwa nayo juu.

Ndiyo, mtoto wangu angechelewa kusema hata kama tungekuwa mabubu wa Kiswahili maisha yetu yote. Ucheleweshaji ulitoka kwenye masikio, misuli na namna ubongo wake unavyoshika sauti. Tulichofanya kwa kuacha lugha yetu ni kumpunguzia watu wa kuongea naye.

Siku hiyo hiyo alitufundisha Makaton. Wenye watoto hapa mmeiona kwenye televisheni, kwa Mr Tumble, bila kujua inaitwaje. Ni alama za mikono zilizobuniwa hapa Uingereza miaka ya 1970, na jina lake limetokana na herufi za mwanzo za majina ya waliozianzisha: Margaret, Kathy na Tony. Si lugha kamili ya viziwi, ingawa hapa alama zake nyingi zimetoka huko. Unasema sentensi yako kama kawaida, na mikono inaonyesha yale maneno makubwa tu. Watoto wenye sindromu ya Down wengi hushika wanachokiona haraka kuliko wanachokisikia, na mikono yao hutii kabla ya ulimi. Na mkono hauna lugha. Alama ya kunywa ni ile ile, useme maji au useme "water."

Jumapili iliyofuata simu ilirudi kwenye bakuli la matunda. Kijana alikuwa ameshajifunza biskuti, ambayo ni kugonga kiwiko kwa vidole. Bibi akamwangalia akigonga, akagonga, akauliza, "Anawashwa?" Tulipomweleza alicheka mpaka akaondoka kwenye kioo. Tangu hapo alitaka alama mpya kila wiki, akawa anazifanyia mazoezi na majirani barazani. Ya chapati hatukuijua, tukatunga ya kwetu: viganja viwili vinapigapiga unga. Nayo imekaa.

Neno lake la kwanza la mdomo lilikuja Januari, akiwa na miaka mitatu na nusu. Nilikuwa bafuni. Nikasikia kiganja mlangoni, kisha sauti: "Odi." Nilidhani nimesikia vibaya. "Odi!" Nikajibu "karibu" na machozi yananitoka, na mlango ukafunguliwa na mtu ambaye kwa mujibu wa faili lake Kiswahili hakimhusu.

Hilo la asili bado naulizwa, hata na watu wetu. Harusini mtu alimwambia mume wangu, "Kiswahili cha nini kwa mtoto ambaye si damu yenu?" Swali la damu sisi hatulikwepi. Kwa kuwa ni Waislamu hatukumbadilishia ubini wake, na tunamsimulia habari za waliomzaa kwa kadiri tunavyozijua, kwenye kitabu chake chenye picha. Siku moja atavitaka vyote hivyo, navyo ni haki yake. Lakini nani anamwogesha? Nani anamkatia kucha? Anahitaji lugha ya hao kabla ya lugha ya babu zake.

Sitaki msomaji adhani tulirudisha Kiswahili na mambo yakanyooka. Ana miaka sita sasa na maneno yake ya mdomo ni machache kuliko ya mtoto wa miaka mitatu, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, na mtu baki huelewa moja kati ya matatu. Mimi bado nafanya kazi siku tatu tu kwa wiki kwa sababu ya miadi. Na Dada hakusahau ule mwaka wa mwalimu. Jumamosi asubuhi ni yake na mimi, tunapanda basi kwenda mjini, Kijana anabaki na baba yake. Wakati mwingine tunakwenda na hatuongei sana. Nimejifunza kutolazimisha.

Sasa kwa mama wa Muscat, na kwa mwingine yeyote aliyeambiwa hivyo. Taratibu za huko si za huku, lakini haya nadhani yanasafiri.

Kwanza, mwulize anayekushauri kama ni mtaalamu wa matamshi na lugha. Mwalimu mzuri wa chekechea anaweza kujua mengi na hili asilijue. Kama unaweza kumpata mtaalamu, mwombe aandike ushauri wake, kisha ipeleke karatasi shuleni.

Pili, usiiache shule gizani. Sisi hapa tuliomba mpango wa elimu, afya na matunzo kabla hajaanza shule. Halmashauri hutakiwa kuamua ndani ya wiki 6 kama itamtathmini mtoto, na kazi yote imalizike ndani ya wiki 20. Mpango huo unaweza kuendelea mpaka afike miaka 25. Humo tulisisitiza iandikwe kwamba nyumbani kwake ni Kiswahili. Lakini kilichosaidia zaidi ni karatasi moja niliyoibandika ndani ya begi lake: maneno kumi anayoyatumia, jinsi anavyoyatamka yeye, na maana yake. Maji. Choo. Inauma. Basi. Bado. Mtoto anayesema "inauma" na hakuna anayemwelewa ataitwa mkorofi kabla ya saa nne asubuhi.

Tatu, mpe bibi kazi. Alama tano kwa wiki zinatosha. Mama mkwe wako hana haja ya Kiingereza kumwambia mjukuu wake anywe maji.

Wiki iliyopita nilikwenda kumchukua Kijana shuleni, nikamkuta kwenye korido, amesimama mbele ya mlango wa darasa uliofungwa. Akagonga. "Odi!" Na kutoka ndani, sauti ya msaidizi wa mwalimu, mama wa Kiingereza wa makamo ambaye sijawahi kumfundisha kitu, ikaitika, "Karibu!"

Mwezi ujao, inshallah, nitajibu waliouliza kuhusu fomu za posho ya mtoto mwenye ulemavu hapa Uingereza. Andaeni kikombe cha chai, ni ndefu.