Kompyuta ya kwanza ya kijana: tutazame kilicho ndani ya kasha



Wiki hii tumeona vyema tujibu swali lililotufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa wazazi wa Pangani, Pangani hii yetu ya Kibaha na si ile ya Tanga. Kijana amemaliza kidato cha nne. Amefuga kuku wa nyama kwa awamu kadhaa, faida akaiweka akiba. Kisha anamwendea babaye na kumweleza kwamba anataka kununua vipande vya kompyuta ya mezani, aviunge mwenyewe, apate mashine ya kuchezea gemu. Baba anasita. Anachelea mambo mawili: kwamba mtoto atazama katika mchezo, na kwamba fedha iliyopatikana kwa jasho itaishia mikononi mwa mjanja mmoja wa mjini.

Hofu zote mbili zina msingi, wala hatuzidharau. Hata hivyo, upande wa pili nao una haki ya kutazamwa. Kijana asiye na mashine nyumbani haachi kucheza. Huenda kwenye vibanda vya gemu vya mitaani, akalipia kila mchezo, na mara nyingi hapo hapo jirani kuna wanaochana mikeka ya kubeti. Mashine iliyowekwa sebuleni, mbele ya macho ya mama na wadogo zake, ni rahisi zaidi kuisimamia. Aidha, kompyuta inayomudu gemu humudu pia kuandika programu, kuchora ramani za nyumba na kuhariri video, na hizo ni kazi zinazoweza kumlisha mtu. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba, ikiwa fedha ni yake na ni ya halali, na wajibu wake haupotei, mzazi asimkatalie. Asimame naye katika ununuzi, kwa sababu hapo ndipo hasara kubwa hutokea.

Karatasi na kalamu kwanza

Kabla ya kupanda gari pale Maili Moja kwenda Kariakoo, familia ikae chini iandike. Kwanza itengwe fedha ya vitu vya nje: monita, kibodi, kipanya na UPS. Inayobaki, ambayo ndiyo fedha ya mashine yenyewe, igawanywe katika mafungu kumi. Matatu yawe ya kadi ya grafiki, kwa kuwa ndiyo inayochora kila kinachoonekana katika gemu. Mawili yawe ya prosesa. Moja na nusu liwe la mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaounganisha vyote. Moja liwe la RAM, moja la SSD, na moja la pawasaplai. Nusu iliyosalia ndiyo ya kasha. Mafungu haya si sheria, na bei hupanda na kushuka, lakini humzuia mnunuzi kupotea njia akiwa dukani.

Tunasisitiza hili kwa sababu wanunuzi wengi wa mara ya kwanza huanza kinyume. Huvutiwa na kasha lenye kioo na taa za rangi, wakamaliza humo fedha ambayo ingenunua kadi nzuri. Jirani yetu mmoja alimnunulia mwanawe kasha la namna hiyo, ambalo pawasaplai yake ilikuja bure ndani yake. Wiki ya tatu umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Pawasaplai ikaungua, na mazabodi ikaungua pamoja nayo. Duka lilikataa kurudisha chochote, kwa kuwa risiti haikuandikwa dhamana. Kijana yule alikuwa ameweka akiba kwa mwaka mzima.

Njia mbili za mwenye fedha kidogo

Njia ya kwanza ni kununua prosesa yenye grafiki ndani yake, na kuiacha kadi mpaka fedha nyingine ipatikane. Mfano unaojulikana ni Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD, iliyotoka mwaka 2021. Ina viini 6, na grafiki iliyomo humo inatosha kwa gemu za mpira na gemu nyingi za miaka iliyopita, mradi mchezaji aridhike na picha za kiwango cha chini au cha kati. Hukaa kwenye mazabodi za aina ya AM4, ambazo ni nyingi sokoni, zikiwa mpya na zilizotumika. Jambo moja ni la lazima: RAM inunuliwe vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe; hutegemea RAM, na vipande viwili vikifanya kazi sambamba huipa njia pana zaidi.

Hapa tuonye kuhusu herufi. Prosesa ya Intel Core i3-12100F ni nzuri kwa bei yake, lakini ile F ya mwisho maana yake ni kwamba haina grafiki. Aliyeinunua bila kadi atawasha mashine, feni zitazunguka, na monita itabaki nyeusi. Wapo waliorudi dukani wakidai wameuziwa kitu kibovu, ilhali kitu kilikuwa kizima.

Njia ya pili ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha kuiongezea kadi. Hizi huja kwa wingi kutoka nje na bei yake ni ya kuridhisha. Atazamaye asome namba ya prosesa: i5-8500 ni ya kizazi cha 8, na i5-6500 ni ya kizazi cha 6. Tofauti hiyo ni kubwa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa jumla huzikubali kuanzia kizazi cha 8. Ya kizazi cha 6 itawaka na kufanya kazi, lakini mwenye nayo ajue anachokinunua, na bei ishuke kwa kadiri hiyo.

Mtego wa pili wa mashine za ofisi ni umbo. Zile nyembamba hazipokei kadi ya urefu wa kawaida, na pawasaplai zake huwa na umbo la pekee, hivyo huwezi kuchomoa ukaweka yoyote. Kwa mashine hizo, itafutwe kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. GTX 1650 ya mwaka 2019 hupatikana katika umbo hilo, na hutumia wati zipatazo 75, kiasi ambacho tundu la mazabodi linaweza kutoa. Mwenye nafasi achague kasha refu la ofisi badala ya jembamba, litampunguzia taabu.

Kadi zilizochoka

Kadi zilizotumika nazo zina historia yake. Kwa miaka kadhaa watu katika nchi nyingi walizikusanya kwa mamia kuchimba sarafu za kidijitali, hasa Ethereum. Mwezi Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliachana na uchimbaji wa namna hiyo, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Miongoni mwake ni RX 580 ya mwaka 2017, ambayo bado huuzwa. Si kila iliyochimba imekufa, lakini feni na dawa ya kupitisha joto huwa zimechoka. Ipo pia RX 580 pungufu, yenye vitengo 2048 vya kuchorea badala ya 2304, nayo huuzwa kwa jina lile lile. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huonyesha idadi hiyo mara moja. Kijana aibebe kwenye flashi, aombe kadi iwekwe katika mashine ya dukani, na gemu ichezwe kwa nusu saa mbele yake. Hadi diski au SSD iliyotumika ipimwe kwa CrystalDiskInfo, ambayo hueleza hali yake na saa ilizofanya kazi.

Hapa pana jambo la dini pia. Wanazuoni wa fiqhi wamebainisha kwamba muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake hana ruhusa ya kuificha, na kwamba mnunuzi akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya kununua ana hiari ya kurudisha. Kwa hiyo kuuliza "kadi hii imechimba?" si kumtuhumu mtu, ni kumpa nafasi ya kusema kweli. Na sisi tunaoshika daftari la kamati ya msikiti tunafahamu thamani ya karatasi: jina la kipande, namba yake ya pekee, siku za dhamana na saini, vyote viandikwe kwenye risiti. Anayekataa kuandika, fedha yetu isibaki kwake.

Umeme wetu

Pawasaplai ndiyo kipande ambacho wengi hukidharau, nacho ndicho hulinda au huangamiza vingine vyote. Usisome namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Tazama jedwali dogo ubavuni, tafuta mstari wa +12V, usome ampea zake, kisha zidisha kwa 12. Yenye ampea 18 inatoa wati 216 tu katika mstari huo, hata kama boksi limeandikwa 500. Kwa mashine tuliyoieleza, pawasaplai ya kweli ya wati 450 au 500, yenye alama ya 80 Plus na kutoka kampuni inayojulikana, inatosha kabisa. Na kama ni ya mtumba yenye swichi ndogo nyekundu nyuma, ihakikishwe imeelekezwa 230 na si 115 kabla ya kuchomekwa. Umeme wetu ni volti 230.

UPS ndogo si anasa. Haikusudiwi kuendeleza mchezo gizani, bali kumpa kijana dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na kuzuia kishindo cha umeme unaporudi.

Mzazi atauliza pia kuhusu LUKU, na ana haki. Mashine na monita vikitumia jumla ya wati 250, kwa saa 2 kila siku, ni nusu uniti kwa siku, yaani uniti 15 kwa mwezi. Nyumba iliyo katika kundi la bei nafuu la TANESCO, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, iangalie isivuke kwa sababu ya mchezo. Saa ziandikwe, na kijana achangie umeme kutoka kwenye kuku wake.

Kuhusu vumbi la barabara zetu, kasha liwe na wavu mbele badala ya kioo kilichoziba, liwekwe juu ya meza na si sakafuni, na lipulizwe vumbi kila mwezi likiwa limezimwa na kuchomolewa.

Yanayofuata baada ya kuwaka

Fedha ya Windows ikikosekana, isijazwe kwa programu ya wizi. Ubuntu ni ya bure na ni halali, na tangu mwaka 2018 duka la gemu la Steam lina nyenzo iitwayo Proton inayowezesha gemu nyingi za Windows kuchezwa kwenye Linux, ingawa si zote.

Mzazi asome alama ya umri kabla ya gemu kuingia nyumbani. Grand Theft Auto V, kwa mfano, ina alama ya 18. Achunguze pia vifurushi vya bahati ndani ya gemu, ambamo mchezaji hulipa bila kujua atapata nini. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kuwa vifurushi vya namna hiyo vilivyolipiwa ni kamari chini ya sheria yao, na kampuni ya EA ikaacha kuuza sarafu za FIFA nchini humo mwaka uliofuata. Wasiokuwa Waislamu wameliona hilo; sisi tusilifumbie macho. Namba ya siri ya pesa za simu isikae mikononi mwa mchezaji.

Mwisho tunamnasihi baba: nenda naye Kariakoo, uende asubuhi ili muda wa kupima uwepo, na umwache yeye ndiye aulize maswali huku wewe umesimama kando. Mkirudi, mpe meza na bisibisi. Atakapoiunga kwa mkono wake atajua kila kipande kina kazi gani, na siku kikiharibika hatamtegemea mtu. Nanyi mtakuwa mmekubaliana saa za kucheza na saa za swala kabla waya haujachomekwa ukutani, wala si baada ya ugomvi wa kwanza.

Tunamwomba Allah awabariki vijana wetu katika chumo lao na elimu yao. Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.