Mimi na FL Studio hatuivi chungu kimoja

Samahanini kwa ukimya. UE zimeisha Ijumaa, mwenye sapu atajijua huko mbele ya safari, mimi nimeshalala usingizi wangu wa siku mbili na sasa nimekaa kwenye kimbweta nje ya hosteli. Umeme umekatika, betri ya laptopu ina asilimia 41, kwa hiyo nitaandika harakaharaka kabla haijazima.

Leo nataka kutoa la moyoni, na najua litanigombanisha na nusu ya watu wa bloku yetu. Ni hivi: ile programu ya kutengenezea muziki inayopendwa kuliko zote huku chuoni na mtaani, FL Studio, mimi nimeshindwa kuipenda. Sijasema ni mbaya, someni vizuri. Nimesema nimeshindwa. Nimekaa nayo mwaka mzima na nusu, nimekesha nayo wakati wenzangu wanapiga desa, nimeangalia video za mafunzo mpaka bando likaisha. Haikuingia. Na nimechoka kuona aibu kulisema hilo.

Maana hapa chuoni ukisema unafanya muziki, swali la kwanza siyo "unapiga nini" wala "unaimba nini". Swali ni "unatumia FL namba ngapi?" Ukijibu hutumii unaangaliwa kama mtu aliyekuja harusini na ndala za bafuni. Chumba cha tatu kutoka kwetu kuna jamaa yangu ambaye nitamwita Prodyuza, kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa. Akisikia mtu analalamika kuhusu FL ana jibu moja tu: "Uvivu huo." Basi nami kwa muda mrefu nikaamini mimi ni mvivu.

Kwanza tutende haki. Programu yenyewe si ya kubeza hata kidogo. Ilianzia Ubelgiji kwenye kampuni ya Image-Line mwishoni mwa mwaka 1997, ikiitwa FruityLoops, aliyeiandika akiwa bwana mmoja Didier Dambrin. Mwaka 2003 ikabadilishwa jina ikawa FL Studio. Zamani wenye mashine za gharama waliiona kama mchezo wa watoto. Lakini 9th Wonder wa North Carolina akaitumia kwenye albamu ya kwanza ya Little Brother mwaka 2003, mwaka 2007 Soulja Boy akatoka na "Crank That", mwaka 2011 Avicii akatoa "Levels", zote zimepikwa humo humo. Na kwetu hapa, singeli zile za mapigo 200 na zaidi kwa dakika zimetengenezwa uswahilini Dar kwenye kompyuta za kawaida kabisa, na FL imo sana katika jiko hilo. Halafu ukiinunua mara moja unapewa matoleo mapya yote bure maisha yako yote. Nani mwingine anafanya hivyo? Wachache mno.

Sasa tuseme ukweli mwingine, wengi wetu hatujainunua. Tumepewa kwenye flashi. Toleo lile la majaribio linakuruhusu kusevu na kutoa wimbo, ila kazi uliyosevu huwezi kuifungua tena na kuendelea nayo mpaka ulipie, na bumu lenyewe mnalijua. Kwa hiyo flashi inatembea chumba kwa chumba, wakati mwingine na virusi vyake ndani. Anayekupa flashi ndiye anayekufundisha, na anayekufundisha anakufundisha anachokijua. Hivyo ndivyo programu moja inavyogeuka kuwa "muziki" wenyewe. Hatukuichagua, tuliikuta.

Na humo ndani kuna kitu ambacho Prodyuza hakioni kwa sababu kwake ni kama hewa. Ukiifungua, inakukaribisha na safu za vitufe 16. Kila safu ni ala moja, na vitufe 16 ni baa moja ya mapigo manne. Unabonyeza cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13, kiki inalia duf duf duf duf. Dakika haijaisha una biti. Kisha unachukua kile kipande unakipanga kwenye dirisha jingine, unakirudia, unaongeza cha pili juu yake, kama fundi anayepanga matofali. Ni akili sana. Kwa mtu ambaye wimbo unamjia kichwani kwa vipande vinavyojirudia, hapo amefika nyumbani.

Lakini kuna watu wimbo hauwajii hivyo. Unawajia kama pumzi, unaanza huku unaishia kule, na hakuna mahali unajirudia sawasawa. Mtu wa namna hiyo anataka kitu kama kaseti: bonyeza, imba, zima. Akifungua FL anapotea. Mstari unaoweka sauti na mstari wa miksa kwa kawaida si kitu kimoja, mpaka uviunganishe mwenyewe. Matoleo ya baadaye yameleta njia ya kuviunganisha, sawa, lakini lazima kwanza ujue ipo. Kwa miaka mingi toleo la bei ya chini kabisa halikuwa na uwezo wa kurekodi sauti ya mtu. Na kubadili hesabu ya mapigo katikati ya wimbo kulikuja na toleo la 20, mwaka 2018. Siyatajii haya ili kuisema vibaya. Nataka muone ilizaliwa kwa ajili ya nani. Kila chombo kimebeba mawazo ya aliyekitengeneza, na ukikishika muda mrefu unaanza kuwaza kama yeye.

Mimi nilianza kuwaza kama yeye, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo limenifanya niandike leo.

Likizo ya mwaka wa kwanza nilikwenda Chamwino, Dodoma, kwa babu. Babu yangu ni Mgogo mpiga zeze, zeze la nyuzi mbili alilochonga mwenyewe. Nilikuwa nimeazima maikrofoni, nina laptopu, nina FL, nikajiona studio nzima imehamia kijijini. Nikamwamkia, nikamweleza, akafurahi kweli. Nikamvisha vile vya masikioni, nikawasha ule mlio wa kuhesabu mapigo, tiki tiki tiki tiki, nikamwambia afuate huo.

Akapiga kidogo, akaacha. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu anayegongagonga humu ndani ni nani?"

Nikamwambia ni mashine, babu, inakuhesabia.

Akasema, "Mwambie basi anisubiri."

Bibi alicheka mpaka akaweka ungo chini. Tukajaribu tena. Mara ya tatu babu, kwa kunipenda tu, akajitahidi kumfuata yule mgongaji, na muziki ukamfia mkononi. Alikuwa anapiga kama mtu anayevuka barabara ya Morogoro Road jioni. Mwishowe akavivua vile vya masikioni, akaviweka kwenye kigoda, akafumba macho, akapiga na kuimba dakika 11 bila kusimama. Hizo nilizirekodi. Nashukuru nilikuwa nimesahau kuzima.

Niliporudi chuoni nikazifungua. Hazikukaa popote. Babu alikuwa anaongeza mwendo maneno yakipanda, anapunguza yakishuka, na baa zake nyingine ndefu nyingine fupi. Nikaweka besi ya kinanda chini yake, ikawa ugomvi, kwa sababu noti za zeze lake zinakaa katikati ya noti za kinanda. Mtu mwenye akili angejiuliza kama kinanda ndicho chenye matatizo. Mimi nikaona matatizo yako kwa babu. Nikakata kipande cha baa 8 kilichokuwa na nafuu, nikakivuta kikae kwenye mistari, nikazinyoosha noti mpaka zikafanana na za kinanda, nikapiga kiki chini. Prodyuza akasikiliza akasema, "Moto!" Nilivimba kichwa wiki nzima.

Na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, na nilikuwa nataka nafasi ya sauti za ngoma nilizopewa kwenye flashi, zile dakika 11 nikazifuta. Nilizifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuona nafuta kitu, niliona nafuta mabaki.

Mwezi wa pili mwaka huu babu akapata kiharusi. Yu hai, tunamshukuru Mungu, anaongea na anatania, lakini mkono wa kushoto haubonyezi tena uzi. Nilipokwenda kumwona nilimpelekea ile biti yangu kwenye simu, nikijua nitamfurahisha. Akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote. Kisha akaniambia, "Huyu anapiga vizuri. Ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia ni rafiki yangu wa chuo.

Sasa jamani, msije mkasema nailaumu programu. Kosa ni langu mia kwa mia. Hakuna programu iliyonishika mkono nikafute. Na Prodyuza nilipomsimulia alinijibu kwa haki kabisa kwamba FL ingeweza kufanya yote niliyoyataka. Ningezima ule mlio. Ningezima ile mistari inayovuta kila kitu kikae sawa. Humo ndani kuna kifaa kinaitwa Edison, ningerekodi babu wote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kweli, nimehakikisha. Inawezekana.

Lakini hata panga linamenya chungwa. Hoja yangu ni kwamba "inawezekana" si sawa na "ndicho kinachokujia mkononi". Mgeni anafuata njia aliyofunguliwa mlangoni, na mlango wa FL unafunguka kwenye vitufe 16. Ukiwa unatengeneza singeli, mlango huo unakupeleka jikoni moja kwa moja. Ukiwa na mzee na zeze lake, unakupeleka mahali ambapo mzee anaonekana ana makosa. Na mimi, kijana wa mwaka wa kwanza ninayetaka kuonekana najua, nikaona aibu kusema kwamba chombo hiki hakinifai, nikaona rahisi zaidi kumrekebisha babu.

Ndiyo maana nasema hili neno "uvivu" tuliache. Mtu akikaa na kitu mwaka mzima na hakimwingii, huenda anakuambia jambo kuhusu muziki alionao kichwani. Kuna dada wa kwaya hapa hosteli ya wasichana ana sauti ya kukutoa machozi, aliacha kurekodi kwa sababu watu walimcheka kwamba hajui FL. Mpaka leo hajawahi kuwekwa mbele ya kitu rahisi kama Audacity, ambayo ni bure tangu mwaka 2000, unabonyeza duara jekundu unaimba. Tumempoteza mwimbaji kwa sababu ya vitufe.

Mimi sasa natumia Reaper, ya yule Justin Frankel aliyeanzisha Winamp mnayoikumbuka. Ni nyepesi, laptopu yangu kuukuu inaimudu, unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa nzima bila kukatwa kitu, na leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60 ambazo nazikusanya polepole. Sauti inaingia kwenye mstari, na mstari huo huo ndio miksa. Inakosa ile raha ya biti ya dakika moja, hilo nakubali, na Prodyuza akiiona anaiita daftari la mhasibu. Sawa. Kwangu daftari linanitosha. Na sitawaambia mhamie huko, maana nikifanya hivyo nitakuwa nimeanzisha dhehebu jingine tu.

Ninachoomba ni kidogo. Mwaka wa kwanza wakiingia muhula ujao, wale wanaokuja na ndoto za muziki, kabla hujawauliza namba ya FL na kuwachomekea flashi, waulize wanasikia nini vichwani mwao. Akisema biti, mpe FL na umkaribishe jikoni. Akisema sauti, au gitaa, au bibi yake, mpe kitu cha kurekodi na umwache arekodi. Na wewe mwenye mzee nyumbani anayeimba, anayepiga, anayesimulia, nenda na simu yako hata hiyo hiyo. Rekodi mwanzo mpaka mwisho. Usikate. Weka nakala sehemu mbili. Diski ikijaa, futa sinema.

Mimi nimebaki na baa 8 za mtu ambaye mwenyewe hajitambui ndani yake. Likizo hii narudi Chamwino. Mkono umekataa lakini sauti ipo, na bibi ameniambia kwenye simu kwamba jioni jioni babu huwa anaimba peke yake. Sitachukua vya masikioni.

Betri asilimia 6. Nawasilisha. Tukutane tena panapo majaliwa, na mnaosubiri matokeo, Mungu awe nanyi.